Mradi Uko Hai: Wasifu wa Marehemu Mzee Dionis Athanasi Mbawala (1962–2025)

Umeandikwa na kusomwa na binti yake mkubwa, Adela, makaburini Mpitimbi, Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025.

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni. Ndugu, majirani wa Songea mjini na wa hapa Mpitimbi, na ninyi mliotoka Namasakata tangu juzi kwa ajili ya msiba huu, asanteni. Kabla ya lolote, familia inaomba radhi kwa karatasi mliyoshika. Ukurasa wa tatu una aya iliyofutwa kwa kalamu nyeusi. Imefutwa kwa mkono, nakala zote mia mbili na arobaini, na waliofuta ni Adela na mama yake mpaka vidole vikaota malengelenge. Msihangaike kuigeuzia juani. Aya ile ilimsema mtu aliyepo hapa hapa, ambaye kwa miaka sita familia hii ilimhesabu kuwa mwizi. Marehemu alitoa agizo juu ya mtu huyo, na leo, kabla kaburi halijafunikwa, familia inapaswa kusema kama agizo litafuatwa au halitafuatwa. Ndiyo maana kinachosomwa ni kirefu kuliko kilichochapwa.

Adela anajitaja humu kwa jina, kana kwamba ni mtu mwingine. Marehemu ndiye aliyemfundisha hivyo. Alikuwa akisema taarifa yenye "mimi, mimi" nyingi ina jambo inaficha.

Mzee Dionis Athanasi Mbawala alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 hapa Mpitimbi, mtoto wa nne kati ya saba wa hayati mzee Athanasi Mbawala na hayati mama Otilia Nyoni. Tarehe hiyo ni ya cheti cha ubatizo. Marehemu mwenyewe hakuiamini hata siku moja. Bibi Otilia alimwambia kwamba alipomzaa mahindi yalikuwa yameshaanza kukauka shambani, na Machi huku kwetu mahindi bado mabichi. Basi akahitimisha kwamba padre aliandika siku aliyopata wino. Watoto wake walipotaka kumfanyia sherehe ya miaka sitini alikataa katakata, akauliza, "Sherehe ya nani? Mna ushahidi?" Keki ikaliwa na majirani.

Alisoma shule ya msingi hapa Mpitimbi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari Songea mjini hadi 1980. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwalimu wake alikuja na baiskeli mpaka nyumbani kumsomea kwamba amefaulu vizuri. Dionis akashukuru, akamkaribisha mwalimu kwa togwa, na mwalimu alipoondoka naye akaondoka, kwenda Songea kuliona jina lake ubaoni kwa macho yake. Akaliona. Baba mdogo Saimon, aliyefuatana naye, anasimulia kwamba kesho yake walirudi tena mjini kuangalia kama bado lipo. Baada ya hapo alisomea cheti cha kilimo, akafanya kazi ya ubwana shamba Tunduru kwa miaka minne, ndiko alikoujua mkorosho, kisha akaenda Morogoro kwa shahada, akahitimu mwaka 1991. Kutoka Morogoro alirudi na shahada na tabia moja: kila kitu aliandika, na kila alichoandika alitoa nakala.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa takatifu na Eufrasia Haule, Peramiho. Kabla ya kupeleka posa alimtuma binamu yake akawaulize watu watatu, kila mmoja kwa siku yake, yule binti wa mzee Haule ana tabia gani. Mama Eufrasia alipata habari zile siku ya kwanza tu. Akaagiza jibu: "Mwambieni huyo bwana na mimi nimeshawauliza watano." Marehemu aliipenda hesabu ile kuliko sura, alikuwa anasema hivyo mbele ya wageni, na mama alikuwa anamtupia kitambaa cha meza. Wamejaliwa watoto watatu: Adela, Edmund na Recho.

Kuhusu kazi, itabidi Adela aende polepole, maana ndiko jambo lilikolala.

Mwaka 1992 marehemu aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao Songea, na miaka miwili baadaye akaletewa msaidizi kijana kutoka Mbamba Bay, jina lake Ramson Ndimbo. Waliopita pale kituoni wanajua habari zao. Ukimwona mmoja, mwingine yuko nyuma anafunga mlango. Walitaniana tangu asubuhi, huyu akimwuliza mwenzake kama samaki wa ziwani wamemfundisha kusoma, yule akijibu kwamba wamemfundisha kunyamaza, kitu ambacho Wangoni hawajajaliwa. Adela alipobatizwa mwaka 1996, aliyemshika mbele ya kisima cha ubatizo ni Ramson. Ndiye baba yake wa ubatizo. Watu wa Songea wanajua, ila kwa miaka sita mlikuwa mnaona haya kulisema, na Adela alikuwa anaona haya kulisikia.

Kazi kubwa ya marehemu ilikuwa juu ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua ya mkorosho unga mweupe mpaka yakauke. Alitaka kupata mikorosho isiyougua hata bila kupuliziwa dawa. Julai 2016 alipata ruzuku ya utafiti ya serikali. Mvua zilipoanza alipanda miche mia tatu na kumi na miwili ya kubebeshwa, yaani iliyoungwa vikonyo vya miti mizazi aliyoichagua mwenyewe, katika shamba la mkulima mmoja, Bibi Sharifa, kule Namasakata, Tunduru. Alimwomba asikate hata mmoja na asipulizie hata mmoja.

Sasa sikilizeni jambo la ruzuku, ni rahisi. Ruzuku ile hutolewa kwa miaka mitatu. Ikikaribia kwisha mtafiti anajaza fomu, akikubaliwa anaongezewa mitatu mingine, asipokubaliwa gari linarudishwa na daftari linafungwa. Na mkorosho wa kubebeshwa hutoa maua ya kutosha kupimwa mwaka wa tatu. Ruzuku ilikuwa inaisha tarehe 30 Juni 2019. Maua yalikuwa yanatoka Julai. Marehemu alikuwa akilala na kuamka na hesabu hiyo. Alimwambia mama, "Nikinyimwa miaka mitatu ya pili, basi hii ya kwanza nimechimba mashimo tu."

Mwezi Februari 2019 fomu zikaja. Ramson naye alikuwa na mradi wake mdogo wa maharage huko Mbinga, ulioanza mwaka ule ule wa 2016, hivyo zikaja fomu mbili. Kila mtu alijaza yake. Marehemu aliifunga bahasha yake kwa gundi, akapitisha kipande cha karatasi juu ya kifuniko, akasaini juu ya karatasi. Ramson ndiye aliyekuwa na safari ya mjini siku ile, akazibeba bahasha zote mbili mpaka posta.

Juni orodha ikatoka. Mradi wa maharage umeongezewa miaka mitatu. Mradi wa mikorosho haumo.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mtu ambaye hakuamini hata siku yake ya kuzaliwa! Aliandika barua kuuliza sababu, jibu likaja la mstari mmoja: "Fomu yako ilishughulikiwa kama ulivyoijaza." Marehemu alilisoma jibu hilo mezani, mbele ya watoto wake, mara mbili. Kisha akasema, "Nilivyoijaza mimi, isingekataliwa. Kwa hiyo iliyofika huko siyo niliyoijaza mimi. Na bahasha ilikuwa mkononi mwa nani?"

Ilikuwa hesabu iliyonyooka. Adela aliikubali palepale. Edmund aliikubali. Recho alikuwa na miaka kumi na mitano, naye aliikubali. Ni mama tu aliyesema, "Baba Adela, Ramson huyu huyu?" Akajibiwa, "Ungekuwa hujawahi kumwamini, ungeuliza hivyo?"

Kuanzia hapo mji mzima ukajua. Marehemu alilisema ofisini, akalisema jumuiyani, akalisema kwa fundi cherehani akipimwa suruali. Akaacha kunywa chai ya kituoni. Kabati lake likawa na kufuli mbili, na kila jioni alinyunyiza unga wa sembe kidogo ndani ya droo ili kesho aone kama kuna mkono umepita. Siku moja alikuta alama. Alimshuku Ramson wiki nzima, mpaka mwenye mkono akajitokeza mwenyewe mchana kweupe, panya mkubwa wa kutosha kuombwa kitambulisho. Marehemu hakucheka. Alisema panya hawezi kuingia kabatini asipofunguliwa.

Agosti ile Ramson alikuja nyumbani. Adela alikuwepo, anakumbuka kila neno.

"Kaka Dio, shikamoo."

Marehemu hakuitikia.

"Kaka, maua yametoka Namasakata. Bibi Sharifa amenipigia, kaniambia. Mimi gari ninalo, mafuta yapo. Twende tukayapime pamoja. Daftari litakuwa lako, jina lako, mimi nitakuwa dereva tu."

"Umekula mradi," marehemu akasema, "sasa unataka na miti?"

"Nimekula nini, kaka? Niambie basi, nimekula nini?"

"Toka kwangu."

Ramson alisimama pale, kofia mkononi, akimwangalia Adela kana kwamba Adela ndiye atakayesema kitu. Adela alimfungulia geti, na kabla mguu wa pili haujatoka akalisukuma, likampiga kisigino. Ramson hakugeuka. Alichechemea mpaka kwenye gari. Adela ameliandika hili kwa sababu karatasi ya msiba hujazwa mazuri ya familia peke yake, na hili nalo ni la familia.

Maua ya mwaka ule hayakupimwa. Ya mwaka uliofuata hayakupimwa. Marehemu alikwenda Namasakata mara mbili kwa basi, kwa nguvu zake mwenyewe, lakini miti mia tatu na kumi na miwili haipimwi na mtu mmoja mwenye sukari. Alistaafu tarehe 3 Machi 2022, siku asiyoiamini.

Baada ya kustaafu afya yake ilishuka. Sukari ilifika kwenye figo mwaka 2023, akawa anatibiwa Peramiho, ambako madaktari na masista walimhudumia kwa upole mwingi, ingawa kila chupa ya dawa aliomba kuigeuza asome maandishi ya nyuma. Familia inawashukuru kwa uvumilivu wao. Tarehe 20 Agosti mwaka huu alimwita mama na Adela karibu na kitanda, akatoa agizo. Maneno yake ni haya: "Siku yangu Ramson asishike koleo. Asinitupie udongo. Akija, akae mbali." Mama akamwuliza kwa nini. Marehemu akageukia ukutani. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ramson alifika msibani Jumatatu hiyo hiyo mchana. Amekaa siku tatu kwenye kiti cha mwisho cha turubai, karibu na watu wa Namasakata. Waliokuwa wanagawa chai walipofika kwake walipita. Hakuna aliyewaambia wapite, walijua tu. Adela aliona, na tuseme ukweli, alifurahi. Jumanne asubuhi akapeleka karatasi zikachapwe, na katika aya ya kazi akaandika kwamba marehemu "aliangushwa na mkono wa mtu aliyekula naye, na mkono huo leo unafuta machozi ya bandia." Aliona ameandika vizuri sana.

Jana saa nane mchana Baba Paroko aliomba cheti cha ndoa. Adela akaingia chumba cha mafaili ya marehemu. Mnakijua, ni kile ambacho hata mama alikuwa anabisha hodi. Cheti alikipata haraka, kila kitu mle kina namba. Lakini chini kabisa, chini ya mafaili ya mbolea ambayo hakuna mtu angeyataka, kulikuwa na faili la kijivu lisilo na namba. Marehemu na faili lisilo na namba! Adela akashuku. Akalifungua.

Ndani mlikuwa na nakala ya fomu ya Februari 2019, ya karatasi ya kaboni. Mwaka ule ndiyo kwanza fomu zilikuwa zimeletwa kwa Kiswahili, zamani zote zilikuwa za Kiingereza. Swali la kwanza, ukurasa wa kwanza, lilisema: "Je, mradi unahitaji kuhuishwa?" Kando yake vijumba viwili, Ndiyo na Hapana. Marehemu aliweka alama kwenye Hapana. Chini yake, kwenye mistari ya maelezo, aliandika: "Mradi haujafa. Mradi uko hai. Miti yote 312 iko hai." Na pembeni ya nakala, kwa kalamu yake ya kijani, alijiandikia mwenyewe: "Mtego huu. Wanataka nikiri kwamba umekufa ili waufunge. Nimeukwepa."

Mmeelewa, ndugu zangu? Wenzetu wa ofisini waliposema kuhuisha walikuwa na maana ya kuongeza muda. Marehemu, mtu wa kanisa, aliposoma kuhuisha alielewa kumpa uhai aliyekufa. Na kwa kuwa alikuwa Dionis, hakumwuliza mtu, maana kuuliza ni kumwonyesha adui ulipokwama. Aliulizwa kama anataka miaka mitatu mingine. Akajibu hataki. Akaifunga bahasha kwa gundi, akasaini juu yake, ikafika salama kama ilivyokuwa.

Adela hakuamini. Yeye ni mtoto wa baba yake. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba karatasi ile imepachikwa, kwamba Ramson amemtuma mtu katika zogo la msiba aje aifiche mle. Akaenda na faili dirishani. Akalinganisha herufi na barua nyingine tano. Akatazama ile "h" yenye mkia, ambayo wanawe wote wameshindwa kuiiga kwenye ripoti za shule. Akapeleka kwa mama. Mama alitazama mara moja tu. "Kalamu ya kijani ni yake," akasema. "Alikuwa anaificha kwenye soksi."

Nyuma ya fomu ile kulikuwa na kitu kingine. Kadi ya mwaliko wa harusi ya Adela, ya Julai 2022, imeandikwa "Bw. na Bi. Ramson Ndimbo." Hapo ndipo Adela alipokaa chini sakafuni. Wakati wa harusi marehemu aliwashangaza wote aliposema, "Kadi ya Ramson niachieni, nitampelekea mwenyewe." Familia ikasema, kumbe mzee amelegea. Ramson hakuja harusini. Adela, akiwa amevaa shela, alitazama mlango wa kanisa mara tatu, kisha akasema moyoni, basi, asiyekuja amejisema mwenyewe. Kumbe hakualikwa. Kadi ilifika mpaka kwenye faili la kijivu ikaishia hapo.

Na hapo kumbukumbu moja ikamrudia Adela. Oktoba 2021 marehemu alikwenda kushughulikia leseni yake ya udereva. Alirudi saa saba, ugali umeshatengwa, akaosha mikono, akaketi, akauliza, "Adela, kuhuisha leseni ndiyo nini? Binti wa dirishani kaniambia leseni yangu ihuishwe."

"Kuongeza muda tu, baba. Muda ukiisha unaongeza."

"Siyo kufufua?"

Adela alicheka. Mungu amsamehe, alicheka. "Leseni nayo imekufa, baba?"

Marehemu alitoa mkono kwenye sahani. Aliinuka, akaingia chumba cha mafaili, akajifungia mpaka mama akaenda kugonga. Familia ikadhani ni malaria, akapimwa, hakuwa nayo. Na tangu siku ile hakumlaumu tena Ramson kwa mdomo wake. Lakini hata kumsafisha hakumsafisha. Wengine tuliendelea kulaumu kwa niaba yake, naye akatusikiliza miaka minne bila kutukataza. Kwamba siku ile ndipo alipolijua kosa lake, Adela hana hakika nalo kama alivyo na hakika ya kalamu ya kijani. Analishuku tu. Analishuku sana, na linamuuma.

Jana jioni familia ilikaa. Baba mdogo Saimon alisema neno la marehemu ni neno la marehemu. Aya ifutwe kimyakimya, Ramson akae alipo, jambo lizikwe na mwenye nalo. Adela alisema hajui. Alikuwa anaogopa, maana kama baba alijua, basi lile agizo la kitandani lilikuwa ukatili. Hapo ndipo mama Eufrasia alipozungumza, na Adela ameyaandika maneno yake kama yalivyotoka.

"Siyo ukatili. Mimi nimelala na yule mtu miaka thelathini na miwili. Aliona aibu. Angewezaje kulala pale chini, Ramson anamtupia udongo, na yeye anajua alichomfanyia? Aliogopa ule udongo. Sasa mimi namheshimu mume wangu, lakini aibu yake sitaizika mimi. Ramson alisemwa mbele za watu, asafishwe mbele za watu. Akinikasirikia huko aliko, nitamkuta tuyamalize."

Adela alitafuta kalamu nyeusi.

Jumanne Bibi Sharifa alipofika alisoma innalillahi mlangoni, akampa mama pole, kisha akasema, "Baba yenu aliniambia nisikate mti mpaka warudi na daftari. Sijakata. Imetoa maua mwaka wa kwanza, wa pili, hii ni mara ya saba. Mstari wa nne wote hauugui, majirani zangu wote wanauona. Nikiwaambia wakubwa wananiuliza, bibi, imeandikwa wapi?" Haijaandikwa popote, Bibi Sharifa. Kulikuwa na watu wawili waliojua namna ya kuiandika. Mmoja tumemleta hapa leo. Mwingine alikuja Agosti 2019 akiwa na gari na mafuta, na tukamfungia geti.

Kwa hiyo familia ya Mbawala inatamka, na inaomba mnaolisikia mlipeleke kwa fundi cherehani, jumuiyani, kituoni na kila mahali tulikopeleka lile la kwanza: Ramson Ndimbo hakufungua bahasha. Hakubadilisha karatasi. Hakula mradi wa mtu. Alibeba barua ya mwenzake mpaka posta, basi. Kosa lilikuwa la marehemu, na baadaye likawa letu. Adela hasemi hili ili kumwaibisha baba yake. Alimpenda na anampenda, na ameumia kiasi kwamba karatasi hii ameiandika mara nne. Lakini Dionis Mbawala alimfundisha kwamba kipimo ukikosea unakata kwa mstari mmoja, unaandika kilicho sahihi pembeni, na unasaini.

Marehemu ameacha mjane, mama Eufrasia Haule, watoto watatu, Adela, Edmund na Recho, mjukuu mmoja, wadogo zake wawili, Saimon na Adolfina, wakwe, mashemeji na majirani, na mikorosho mia tatu na kumi na miwili Namasakata, ambayo kwa sasa ina maua. Wazazi wake na ndugu zake wanne walimtangulia.

Ratiba mliyo nayo inasema watakaotupia udongo ni mjane, watoto, ndugu, wakwe na viongozi. Ongezeni jina moja kwa kalamu, baada ya mjane, kabla ya watoto. Baba Ramson, shikamoo. Adela ndiye anayekuamkia. Uko kule mwisho wa turubai na umeinama, lakini umesikia. Kisigino kile kilipona? Njoo mbele, baba. Koleo analo mama, amekushikia, na hataki kumpa mtu mwingine.

Na Mungu ampe mzee wetu Dionis usingizi usio na shaka.